“Kusafisha” video au kuihamishia kwenye DVD?

SWALI: Nina studio ya kurekodi harusi na sherehe hapa Mtwara mjini. Kwenye bango nimeandika “Tunasafisha video za HD kuwa DVD”. Mteja kutoka Newala amelalamika kwamba DVD yake haikutoka safi. Je, nimekosea neno?

JIBU: Tangu enzi za filamu na chumba cha giza tunasema “kusafisha picha”, na hakuna asiyeelewa. Lakini kule picha ilikuwa imejificha, ikasafishwa ndipo ikaonekana. Kwa DVD mambo ni kinyume. Picha ya HD kamili ina nukta 1920 kwa 1080. DVD ya mfumo wa televisheni wa PAL, tuliouzoea Tanzania, ina 720 kwa 576, yaani kama moja ya tano tu. Jina la khanga lililosomeka waziwazi kwenye HD, huku linaweza kugeuka michirizi. Mteja wako alisoma “tunasafisha” akatarajia picha ing’ae zaidi. Malalamiko yake yana msingi, ndugu yangu.

Andika “Tunahamishia video za HD kwenye DVD”. Usiiache hiyo “-ia”, kwa sababu “kuhamisha kwenye DVD” mtu anaweza kuelewa kwamba unaitoa humo. Kauli ya kutendea ndiyo inayoonyesha kitu kinakoelekea.

“Kuchoma”, neno la mafundi wengi kwa kuandika video kwenye diski, ni zuri sana, ila litaje hatua ya mwisho peke yake. Ubora huamuliwa kabla ya hapo, kwenye “kubana”, yaani kupunguza ukubwa wa faili ili litoshe kwenye diski. Hariri katika HD mpaka umalize, kisha bana mara moja tu. Ukibana kilichokwisha kubanwa, unaongeza uharibifu. DVD ya kawaida hubeba GB 4.7, kwa hiyo saa moja ya sherehe inatosha kwa kiwango cha megabiti 8 hivi kwa sekunde. Ukilazimisha saa mbili unashuka hadi 5, na ngoma inapokolea wachezaji huanza kumeguka vijipande vya mraba. Afadhali diski mbili.

Neno “nakala” nalo usilitumie kwa DVD hiyo. Litunzie lile faili la HD unalompa mteja kwenye flashi, maana hilo halipungui kitu.