Usikariri majani: aibu yangu kwenye mashindano ya kutambua miti

Mwezi wa tatu, baridi bado inauma, nimesimama mbele ya mti uliofungwa utepe wenye namba 7 na hauna jani hata moja. Wiki tatu nzima nimekesha nakariri majani, afu mbele yangu kuna matawi matupu.

Hiyo ndo ilikuwa Conclave yangu ya kwanza, yale mashindano ya wanafunzi wa misitu wa vyuo vya kusini mwa Marekani. Kuna kukata gogo kwa msumeno wa watu wawili, kurusha shoka, kupanda nguzo, na kuna upande wa kichwa: kukadiria ujazo wa mbao, kutembea na dira, kutambua mbao kwa kipande tu, na kutambua miti ikiwa imesimama. Mi nimekulia Tabora, babu yangu mfuga nyuki, nikajiona hawa watoto wa mjini watanifundisha nini kuhusu miti, nikajiandikisha. Nikashika mkia.

Kilichoniuma zaidi nilikikumbuka kwenye basi tunarudi. Babu alikuwa anatupeleka porini mwezi wa nane, miombo imepukutisha majani yote, na anakwenda kwenye mti anaoutaka moja kwa moja kama anakwenda jikoni kwake. Anaangalia gome, anaangalia matawi yalivyokaa, akiwa na wasiwasi anachanja kidogo kwa panga, ukitoka utomvu mwekundu kama damu huo mninga, basi. Hiki kitu nilikuwa nacho tangu mtoto, nikaenda chuo nikakisahau kwa sababu kitabu kina picha nzuri za majani.

Kwa hiyo wewe unayeanza misitu, uko Morogoro, Olmotonyi, Eldoret au huku ughaibuni, anza na kijiti, jani litakuja baadaye. Swali la kwanza: vijiti vinatoka viwili viwili vikitazamana, au kimoja kimoja kwa kupishana? Huku miti mikubwa ya kutazamana ni michache, mi nikajitengenezea AFC kama jina la timu, herufi za kwanza za majina ya kisayansi: Acer, Fraxinus, Cornus. A ya pili ni Aesculus, hiyo niliiweka benchi. Ukiona vinatazamana tayari umetupa nje nusu ya orodha na zaidi. Cornus mmoja tu ndo mkaidi, alternifolia, ila jina lake lenyewe limeshakwambia. Angalizo, angalia vijiti vichanga na makovu ya majani, maana tawi kubwa mwenzake anaweza kuwa alishavunjika zamani ukadhani yanapishana.

Halafu tumba, lile chipukizi ambalo halijafunguka, yaani hapa ndo penye utamu. Tumba la ua la Cornus florida limekaa kama kitunguu kidogo juu ya kikonyo. La Fagus ni refu limechongoka kama sigara. La Liriodendron ni mdomo wa bata kabisa. Ukishaziona mara moja kwa macho yako huzisahau, wakati majani ya mialoni mi mpaka leo yananichanganya, jani la juani na la kivulini kwenye mti uleule utadhani miti miwili.

Pua nayo itumie. Kwangua kijiti cha Prunus serotina kwa kucha, harufu yake chungu huwezi kuikosea, na Sassafras inanukia kama viungo vya chai. Usichanje na panga kama babu lakini, watakutoa nje! Gome la Diospyros virginiana limepasuka vipande vipande vya mraba, ukilitazama ni mkaa mtupu, huo nilikuwa naupata hata kwa mbali.

Misonobari iko na majani mwaka mzima kwa hiyo watu wanaidharau, afu ndo wanakoangukia. Hesabu sindano kwenye kila kishada. Pinus strobus tano, virginiana mbili fupi zilizojinyonga, taeda tatu, palustris tatu pia ila ndefu, zinaweza kupita sentimita 30. Hesabu vishada kadhaa, usihesabu kimoja ukakimbia. Aliyezoea Pinus patula ya Sao Hill, lile shamba la miti la Iringa, sindano zinaning'inia kama nywele, hapa atapata shida kidogo mwanzoni.

Na hata jani likiwepo uliza swali dogo zaidi. Nyumbani Brachystegia spiciformis na Julbernardia globiflora wengi wanazichanganya, ukitazama kwa jumla zinafanana, ila jani moja lina vijani vilivyopangwa jozi jozi: ya kwanza vijani vikubwa kabisa ni jozi ya mwisho kule nchani, ya pili ni jozi za katikati. Ndo tofauti unayoitafuta.

Mazoezi: mi nilichagua miti ishirini njiani kati ya bweni na darasa, nikawa naisalimia kwa jina la kisayansi kila siku, baridi, mvua, maua, matunda. Watu waliniona chizi. Rafiki yangu akawa ananiletea vijiti kwenye mfuko bila majani, nikikosea kinaingia kwenye daftari la makosa, na hilo daftari ndo nililosoma usiku wa mwisho, si kitabu. Majina yaandike kwa mkono, maana kusema Liquidambar styraciflua mdomoni ni rahisi, kuiandika na vidole vimekufa ganzi ni habari nyingine na herufi moja inakula maksi.

Kama utaingia pia kwenye kukadiria kipenyo cha mti, jihadhari, sisi tunakipima kwenye shina mita 1.3 kutoka ardhini, Wamarekani futi 4.5 ambayo ni kama mita 1.37, na wanataka inchi. Mi nilitoa jibu la sentimita kwa kujiamini kabisa.

Mwaka wa pili sikushinda ila nilimaliza katikati ya orodha, na ule mti wa namba 7, Acer rubrum, safari hii niliukuta namba 12 nikaujua kabla sijaufikia, vijiti vyekundu vinatazamana. Nikampigia babu kumwambia. Akauliza ukichanjwa unatoa maji ya rangi gani. Ikabidi nikiri sijauchanja, kimya, afu akasema basi haya, msalimie mwalimu wako.