Kitufe chekundu, umeme uliokatika na mkono ndani ya konveya

SWALI

Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni fundi umeme wa zamu katika kiwanda cha unga wa mahindi, Iringa. Konveya yetu ya skrubu, yaani skrubu ndefu inayozunguka ndani ya mfereji na kutoa pumba, huziba mara mbili au tatu kwa wiki. Ikiziba, opereta anabonyeza kitufe chekundu cha dharura, anafungua mfuniko na kuchokonoa pumba kwa mkono. Mara nyingine tunasubiri umeme ukatike ndipo tunaisafisha, maana hapo tuna uhakika haizunguki. Nilipopendekeza tununue kufuli, meneja uzalishaji alisema zitatuchelewesha na kwamba kitufe kinatosha. Nani yuko sahihi? Breka zetu, yaani swichi za kukata umeme kwenye paneli, nazo ni za zamani, hazina tundu la kupitisha kufuli. Tufanyeje?

JIBU

Salama, fundi. Uko sahihi wewe. Ila kilichonitisha zaidi katika barua yako ni hiyo kazi mnayoifanya umeme ukikatika, kwa hiyo nitaanza na hapo, kitufe kitafuata.

Umeme wa gridi ukikatika, hakuna mtu aliyezima mashine. Breka iko palepale ilipokuwa, selekta (swichi ya kuchagua namna ya kuendesha) bado imeelekezwa kwenye otomatiki, na sensa ya kiwango iliyoko kwenye pipa la pumba bado inaidai konveya izunguke. Kilichokosekana ni umeme tu, na mwenye kuamua urudi saa ngapi yuko mbali, hajui kama mkono wa opereta wenu umo ndani. Mkiwa na jenereta yenye swichi ya kubadilisha njia yenyewe, basi hamna hata dakika moja: jenereta inawaka, inapokea mzigo, na kila kilichokuwa kwenye otomatiki kinaanza kuamka. Najua utaniambia kontakta (swichi ya mota inayoshikwa na sumaku ya umeme, yaani koili) ikikosa umeme inaachia na haishiki tena mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuwasha. Kweli, kwa stata (kiwashio cha mota) ya vitufe viwili iliyofungwa vizuri. Je, una hakika paneli yenu haijawahi kuguswa na fundi aliyeunganisha selekta moja kwa moja kwenye koili ili asipande ngazi kuwasha mashine kila umeme unaporudi? Mimi nimezikuta paneli za namna hiyo, tena zaidi ya moja.

Sasa kitufe chekundu. Kazi yake ni kusimamisha balaa lililokwisha kuanza. Ukikibonyeza unakata saketi ya udhibiti tu, yaani ule umeme mdogo unaoishikilia koili ya kontakta. Nyaya tatu kubwa zinazoingia juu ya kontakta zinabaki na volti 400 kama kawaida. Kati ya opereta na mota kuna vipande vya metali vilivyoachana kwa nafasi ndogo mno, na waya mwembamba wa udhibiti unaopita kiwanda kizima. Waya huo ukichubuka na kugusana na mwenzake, koili inapata umeme bila kupitia kwenye kitufe. Panya wa kiwanda cha unga hana sababu ya kuona njaa, lakini nyaya atazitafuna vilevile. Halafu kuna binadamu. Mtu mwingine anapita, anaona kitufe kimebonyezwa, anadhani kimesahaulika, anakizungusha kinatoka, anakwenda kuwasha. Hana ubaya wowote. Anataka uzalishaji uendelee, kama meneja wako.

Kwa hiyo mashine iliyosimama bado hamjaifunga. Kuifunga ni kukata nishati yake kwenye chanzo, kwa swichi inayotenganisha nyaya zenyewe za nguvu, kisha kuizuia swichi hiyo isirudi mpaka aliyeko ndani atoke na kuirudisha kwa mkono wake.

Kwa konveya yenu mtafanya hivi. Simamisheni kwanza mashine inayoileta pumba, kisha konveya yenyewe, kwa vitufe vya kawaida. Usikate isoleta (swichi ya kutenganisha nyaya za nguvu) mota ikiwa inavuta mzigo kama siyo ya aina inayostahimili kukatwa hivyo, utapata cheche kubwa usoni. Mwambie opereta wa chumba cha udhibiti, na yeyote anayeweza kuigusa mashine hiyo kutoka kwingine. Kata umeme kwenye breka au isoleta ya konveya, tia kufuli, ning'iniza kadi yenye jina lako, tarehe, saa na kazi unayoifanya. Kadi peke yake haizuii kitu, ni karatasi. Kila anayetia mkono atie na kufuli lake. Wakiwa wanne, kufuli nne. Kuna vibanio vya chuma vinavyobeba kufuli hadi sita kwenye tundu moja. Ufunguo uwe mmoja kwa kufuli moja na ukae mfukoni mwa mwenye kufuli. Usiachwe mezani, wala kwa msimamizi. Ule mtindo wa mtu mmoja kufunga kwa niaba ya kundi zima ndio unaoacha mtu ndani wakati wenzake wameshaenda kunywa chai.

Kisha mjaribu. Hatua hii huachwa sana, nami huiona kubwa kuliko kufuli lenyewe, kwa sababu kufuli linaweza kuwa limefungwa kwenye breka ya mashine nyingine. Maandishi kwenye paneli za zamani si msahafu. Nenda kwenye konveya, bonyeza kitufe cha kuwasha, hakikisha haisogei, kisha rudisha selekta kwenye sifuri. Kama kazi yenyewe itagusa nyaya au mota, pima kwa malimeta (kipima umeme): awamu kwa awamu, yaani kati ya zile nyaya tatu kubwa, mara tatu, kila awamu na ethi mara tatu, jumla vipimo sita. Kabla ya kupima, jaribu malimeta yako mahali unapojua pana umeme. Ukimaliza, irudishe palepale uone bado inasoma. Malimeta iliyokufa nayo husoma sifuri. Ile bisibisi ya testa yenye taa iache nyumbani. Kama mota inaendeshwa na inveta (kifaa cha kudhibiti kasi yake), ujue kapasita za ndani hubaki na umeme wa moja kwa moja wa karibu volti 565 kwa laini ya 400. Soma muda ulioandikwa kwenye bamba lake, mara nyingi ni dakika tano au zaidi, usubiri, ndipo ufungue.

Kukata umeme hakumalizi nishati zote, na somo hili ninalo mwilini. Miaka yangu ya mwanzo, katika kiwanda kimoja cha chakula cha mifugo, nilifunga elivata ya ndoo, mashine inayopandisha nafaka kwa ndoo, kama inavyotakiwa. Kufuli langu, ufunguo wangu, nikajaribu kuwasha, kimya. Nikafungua mkanda wa mota. Ndoo za upande mmoja zilikuwa zimejaa mahindi, na kizuizi cha kurudi nyuma kilikuwa kimekwisha meno. Uzito ule uliivuta elivata yote kinyumenyume, puli ikazunguka na kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kimebaki na pingili mbili. Umeme haukuhusika hata kidogo.

Kwa hiyo kabla ya kutia mkono jiulize ni nini kingine kinachoweza kuisogeza mashine. Kwenu naona mambo matatu. La kwanza ni uzito: pumba zilizosongamana juu zinaweza kushuka ghafla mara mnapofungua njia chini. La pili ni hewa. Kama mlango wa slaidi wa pipa unaendeshwa na silinda ya hewa yenye kipenyo cha milimita 100 kwa presha ya bar 6, nguvu yake inakaribia nyutoni 4,700, sawa na uzito wa kilo 480 ukidondokea kiganja. Funga vali ya hewa, itie kufuli, toa hewa iliyobaki, na geji isome sifuri. Halafu angalia silinda yenyewe, kwa sababu baadhi ya vali za kuongoza hufungia hewa ndani yake hata bomba likiwa tupu. La tatu ni mwendo unaobaki. Konveya husimama upesi, lakini jirani yake, mashine ya nyundo inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, huendelea dakika kadhaa baada ya kuzimwa, tena bila kelele inayokutahadharisha. Subiri isimame, kisha tia kabari kwenye rota, ile sehemu inayozunguka.

Kuhusu breka zisizo na tundu: kuna vibanio vidogo vinavyobana kidole cha breka na kupokea kufuli, tafuta vinavyolingana na aina ya breka yako. Hiyo ni dawa ya muda. Dawa ya kudumu ni kufunga isoleta ya kuzungusha karibu na konveya, ya nguzo tatu, yaani inayokata nyaya zote tatu, yenye tundu la kufuli, ya daraja la AC-23 ambalo ni la kukata mota. Mota ya 5.5 kW kwa volti 400 huvuta kama ampea 11, hivyo isoleta ya ampea 25 inakupa nafasi ya kutosha. Tahadhari moja: ukiifunga kati ya inveta na mota, ongeza kontakti ya ziada inayoiambia inveta isimame kwanza, la sivyo siku mtu akiikata mota ikiwa inazunguka mnaweza kuiua inveta. Wakati mnasubiri kununua, wewe fundi umeme uchomoe fyuzi na kufunga mlango wa paneli kwa kufuli, au ufungue nyaya za mota na kuziziba miisho. Kutembea na fyuzi mfukoni huku paneli iko wazi hakutoshi. Mtu asiye na fyuzi atatia waya.

Mabadiliko ya zamu yana mtego wake. Kazi ikiendelea, anayeingia atie kufuli lake kabla anayetoka hajaondoa la kwake. Na aliyekwenda nyumbani na ufunguo? Usikimbilie msumeno. Msimamizi ahakikishe kwanza kuwa mwenye kufuli hayumo kiwandani, ampigie simu, aikague mashine mwenyewe, ndipo kufuli likatwe mbele ya shahidi na kuandikwa. Naye mwenye kufuli aambiwe kabla hajashika kazi tena. Kiini cha utaratibu huo kimo hata katika kanuni ya Marekani ya mwaka 1989 kuhusu kufunga mashine, ambayo viwanda vingi duniani vimeiiga.

Meneja akikuuliza sheria, mwambie Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inambebesha mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa watu wake kazini. Mimi lakini ningeanza na saa yake. Kufunga, kujaribu na kufungua ni kazi ya kama dakika tano ukishazoea. Mara tatu kwa wiki ni robo saa. Kinachowachelewesha ni konveya inayoziba mara tatu kwa wiki, na hilo halina uhusiano na kufuli.

Hapo ndipo ningetumia nguvu zangu. Skrubu ya pumba haitakiwi kujaa zaidi ya asilimia 30 hadi 45 ya karai lake, yaani mfereji inamozunguka. Yenu naamini inajaa kabisa. Angalia kama mashine inayoilisha imeongezwa kasi bila skrubu kuongezwa. Pima unyevu wa pumba, hasa baada ya kunyunyizia mahindi maji kabla ya kukoboa. Kisha fungua, mkiwa mmeshatia kufuli, kwenye beringi ya kati inayoning'iniza mhimili: palipokatika bawa la skrubu ndipo pumba hujikusanya na kugandamana, na mara nyingi hapo ndipo kuziba kunapoanzia. Mwisho, weka swichi ya kugundua kuziba kwenye tundu la kutokea, isimamishe mashine inayolisha kabla karai halijajaa, na ule mfuniko ufungwe kwa bolti zinazohitaji spana, uwe na wavu chini yake. Swichi ya mfuniko mkiiweka ni nyongeza nzuri, lakini anayetaka kutia mkono bado atatia kufuli.