Muulize Anti: Tuweke picha gani kwenye albamu ya kuasili mtoto?

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi na mume wangu tuko Houston, Marekani, miaka mingi sasa, mimi wa Moshi yeye wa Tanga. Mtoto hatujajaliwa, tukaamua kuasili. Hom stadi imeisha salama, yule mama wa ejensi alikuja nyumbani akakagua mpaka kengele ya moshi, akauliza mshahara, akauliza tulivyolelewa, tukapita. Sasa wametuambia tutengeneze albamu ya familia, yaani kitabu cha picha na maneno kidogo, wanaonyeshwa wanawake wajawazito wanaofikiria kumtoa mtoto aasiliwe, na mama mwenyewe ndo anachagua familia anayoitaka. Hapo ndo ugomvi ukaanza. Mume wangu anataka picha yake ya joho alivyomaliza unesi na nyingine kaegemea gari. Mimi nataka za harusi maana siku ile nilipendeza jamani. Alafu kuna shoga yangu kaniambia picha za nyumbani zote tutoe, bibi wa Tanga kakaa mkekani, sijui khanga, tutoe, eti mama akiziona ataogopa tutamkimbizia mtoto Afrika, tujionyeshe Kimarekani tu. Na tatizo lingine mume wangu kwenye picha hatabasamu hata umfanyeje, anasimama kama anapigwa ya pasipoti. Tukodi fotografa au? Na tuweke picha zipi Anti?
*Msomaji, Houston*

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongereni kwa kuvuka hom stadi, wengi wanakatia tamaa hapohapo kwenye makaratasi na alama za vidole.

Kabla ya kugombania picha, mfikirieni kwanza anayeifungua hiyo albamu. Ni mwanamke mjamzito, pengine ana watoto wengine ndani na kodi ya nyumba imemshinda, pengine ni binti hata kwao hawajui, amepewa albamu kadhaa kwa mkupuo na kila moja ina watu wawili wanatabasamu mbele ya nyumba nzuri. Kama mna uwezo wa kulea hilo ejensi imeshalipima, halimsumbui sana. Yeye anajiuliza huyu mtoto akilia usiku nani atamnyanyua, jumamosi hapo ndani kunakuwaje, hawa watu wakiwa peke yao wanaongea au kila mtu na simu yake. Sasa picha ya baba kaegemea gari inamjibu lipi hapo? Hamna. Ya joho wekeni moja ndogo, si dhambi, amesoma kwa shida, ila isikae mbele.

Picha ya mbele, ya jalada, ndo muwekee akili zenu zote, maana asipovutiwa na hiyo hafungui ndani. Iwe nyie wawili tu, karibu, kuanzia kifuani kwenda juu, macho yanaonekana. Miwani ya jua vueni. Kofia inayotupia kivuli usoni vueni. Pigeni nje jioni jua likiwa limelegea, au mchana chini ya kivuli cha mti, msipige saa sita jua la Texas liko utosini, mtakunja uso wote. Na sisi weusi kuna kosa linatukuta kila siku, mtu anakupiga umelipa dirisha mgongo, simu inafuata ule mwanga wa nyuma, wewe unatoka giza yanabaki meno. Geukeni mtazame mwanga, na mpigaji aguse uso wenu kwenye kioo cha simu kabla hajabonyeza, simu itapima mwanga wa uso na siyo wa ukuta. Filta hizi za kung'arisha ngozi sitaki hata kuzisikia. Huyo mama mnaweza kukutana naye uso kwa uso kabla hajajifungua, mara nyingi tu inatokea, sasa akute watu wengine kabisa na wale wa kwenye albamu, ataanza kujiuliza na mengine mmepaka rangi yapi.

Harusi wekeni moja, mbili zikizidi. Najua uchungu wa kuacha zile za ukumbini, lakini harusi ni siku moja, na yeye anataka kuona jumanne. Alafu kabla ya kuchagua kagueni meza zilizo nyuma, sherehe zetu tunazijua, bia zimepangwa kama ukuta, na picha zenye pombe ejensi nyingi zitawarudishia.

Nakuja kwa shoga yako. Mwambie ahsante, alafu usimsikilize. Bibi wa Tanga abaki, tena mpe ukurasa wake. Ukimtoa bibi, ukatoa khanga, ukatoa ule mkeka, mnabaki watu wawili kwenye sofa la kijivu, na masofa ya kijivu Houston yamejaa. Huyo mama anaweza kuwa mweusi, Mlatino, mzungu, yoyote, na swali lake kubwa pengine ni moja, je mtoto wangu atapata ndugu? Nyie hilo mnalo kuliko wengi, mashangazi, mabinamu, watu wa kanisani, majirani wanaoingia bila kupiga simu. Wekeni jikoni mnasukuma chapati unga umewajaa mikononi. Wekeni ile siku watoto wa dada yako walilala kwenu. Hofu ya kukimbiziwa mtoto Afrika ni hofu ya kweli, siibezi, ila dawa yake iandikeni chini ya picha kwa maneno mepesi: huyu ni bibi, anaishi Tanga, sisi tunaishi hapa, huwa tunaenda kumsalimia na kurudi, kila jumapili tunaongea naye kwa video. Basi. Na kama mko tayari kumtumia mama picha za mtoto kila baada ya muda, au aje kumwona, andikeni, ila mwandike kile tu mtakachoweza hata miaka 10 ijayo, msimuahidi mtu aliye kwenye shida kitu cha kumfurahisha leo.

Mume asiyetabasamu. Huyo namjua, yupo kwenye kila familia yetu, wazazi wetu ndo walitufundisha kusimama studio kama nguzo. Acheni kumwambia cheka. Mpige bila kumwambia, siku ya Simba na Yanga, mechi ya jioni Dar kwenu ni asubuhi, yuko na chai na timu yake imefunga, hapo meno yote 32 utayapata. Au akiongea na watoto wa kaka yake kwenye simu. Piga nyingi mfululizo, picha hamsini upate moja, simu haina filamu ya kuisha. Akitoka kapoa kwenye ile ya jalada nayo siyo mbaya, uso mpole unaomtazama mtu ni bora kuliko tabasamu la kubandika.

Fotografa sioni ulazima, mchakato wenyewe utawala makumi ya maelfu ya dola, hiyo hela kaa nayo. Kama mna rafiki mwenye mkono mzuri, mpikieni pilau ashinde nanyi nusu siku, picha zitatoka za watu wanaoishi. Mkiamua kukodi, basi ya jalada na chache za nje, zilizobaki ziwe za simu zenu. Na msivae sare wote, mashati meupe na jinzi ufukweni Galveston, kila mtu anayo hiyo.

Kwa albamu ya kurasa 20 hivi, picha 30 hadi 40 zinatosha, na ndogondogo kumi kwenye ukurasa mmoja hakuna anayeziangalia. Kwa kuchapa, picha ya upana wa inchi 8 inahitaji kama pikseli 2400 ili isitoke na ukungu, kwahiyo zile zilizopita WhatsApp mara tatu kwenye grupu la familia zimeshakandamizwa, waombeni ndugu wawatumie zile za asili, watume kama dokumenti. Hapo nako kuna mtego, faili la asili mara nyingi linabeba na mahali picha ilipopigwa, hivyo kabla ya kuiweka mtandaoni ifuteni lokesheni. Maana ejensi nyingi albamu hiyohiyo wanaiweka na kwenye tovuti, wageni wataiona. Kwahiyo namba ya nyumba isionekane, pleti ya gari isionekane, jina la ukoo lisionekane, na mume wako akiwa na nguo za kazi avue kwanza beji ya hospitali, ina jina lake lote na anapofanya kazi.

Chumba cha mtoto, hapo watu wanabishana. Mimi ningeweka chumba kitupu chenye kitanda cha wageni na dirisha zuri, niandike hapa ndo patakuwa pake. Kikishakuwa na kitanda cha mtoto, midoli, na jina ukutani, mama anaweza kuhisi mmeshamchukua kabla hajaamua. Na kweli hajaamua. Kwa sheria ya Texas mama hawezi kusaini hati ya kumwachia mtoto mpaka yapite masaa 48 tangu ajifungue, na mpaka asaini huyo ni mwanae, kwahiyo popote mlipoandika "mtoto wetu" futeni. Mbwa wa jirani msimuazime. Kama hamfugi hamfugi.

Mkimaliza mpeni albamu mtu asiyewajua, labda mfanyakazi mwenzako, muulize tu hawa watu wanapenda kufanya nini. Akijibu "wanapenda kupiga picha", rudini mwanzo.

SWALI: Anti mimi niko Nairobi, mimi na bwana tunataka ku-adopti, nimeona huko ng'ambo watu wanatengeneza kitabu cha picha ndio mama awachague. Na sisi tutengeneze tupeleke?
*Mama wa South B*

JIBU: Hapana dada, kwa Kenya mambo hayaendi hivyo. Huku mama mzazi hapewi albamu za familia achague, mnaenda kwa wahusika wa kuasili wanaotambuliwa kisheria, wanawapima nyie, na wao ndio wanawalinganisha na mtoto. Mtoto mwenyewe lazima awe amefikisha wiki 6 na awe ametangazwa rasmi kuwa huru kuasiliwa, alafu mnakaa naye miezi 3 mfululizo kabla ya kupeleka maombi kortini. Picha watakazowaitisha ni za pasipoti za kuwekwa kwenye faili.

Lakini kama mtapewa mtoto mkubwa kidogo, wa miaka 4, 5, hapo ningetengeneza albamu, tena ya kwake yeye. Kurasa 8 tu, huyu ni mama, huyu ni baba, hii ndio nyumba, hiki ndio choo (usicheke, watoto wanaogopa choo wasichokijua), hapa ndio utalala, huyu ni paka na anakwaruza. Muulizeni mlezi wa makao kama mnaweza kumpelekea mapema, azoee sura zenu. Picha zipigwe kutoka kimo chake, chuchumaeni, sebule ikipigwa na mtu mzima aliyesimama haifanani na atakayoiona yeye.

SWALI: Habari dada Anti. Mdogo wangu yuko Minnesota anatafuta mtoto wa kuasili, juzi mtu kanitumia linki ya albamu yake nafungua nakuta picha ya wanangu wawili, nguo za kuogelea, wako beach Raskazone, chini imeandikwa "wapwa zetu". Hakuniuliza! Nilimtumia mimi ile picha ila ilikuwa ya kuwasalimia. Mume wangu kafura, mama anasema ninyamaze nisimharibie bahati. Ni mimi mkorofi?
*Dada mtu, Tanga*

JIBU: Nzuri dada, na mkorofi siyo wewe. Picha ya kuwasalimia ni ya kuwasalimia, na watoto wakiwa nguo za kuogelea kwenye tovuti ya kila mtu mimi pia ningefura. Ila nadhani alifanya kwa haraka ya kuonyesha ana ndugu, hao wapwa ndo mali aliyonayo. Mpigie leo, usimwandikie, mwambie ile itoke, hata wa ejensi wenyewe wanaweza kuiondoa siku hiyohiyo maana kwa kawaida wanataka ruhusa ya wazazi kwa kila mtoto anayeonekana. Mama mwambieni hakuna bahati inayoharibika, picha ikitoka inaingia nyingine.

Na hiyo nyingine mpe wewe, kama mume ataridhia. Wanao wamevaa nguo zao, wameshika simu wanaongea na mamdogo wao, umewapiga kwa pembeni sura hazionekani sawasawa na mdogo wako anaonekana kwenye kioo anacheka. Mume akikataa, basi mpe yako wewe na yeye za utotoni, zile za studio na mapazia. Sharti la mwisho mwambie kabla haijapanda akutumie ukurasa mzima uusome, na maneno ya chini pia.