Kabla hujashusha bei ya zabuni, pima rimu yako

Jana usiku kuna mdogo wangu kaniandikia inbox, "Kaka nimejisajili NeST tangu mwaka jana, kila zabuni ya stationery naomba, bei yangu ya chini na bado sipati, kuna mchezo gani?" NeST ndio mfumo wa serikali ya Tanzania wa kuomba zabuni mtandaoni. Nilisoma mara mbili. Maneno hayo nilishayasema mimi, tena kwa hasira.

Mimi nilianza enzi za profoma tatu, ofisi inakusanya karatasi za bei kutoka maduka matatu, ya chini inashinda. Jamaa anakupigia, bro niandikie profoma weka bei juu kidogo, leo nisindikize mimi kesho zamu yako. Nimesindikiza sana na nimesindikizwa sana. Ofisi ya umma ikawa inanunua rimu kwa bei ambayo mwalimu akija dukani na hela yake mwenyewe hawezi kukubali. Hela ile ilikuwa ya madawati na dawa, na mimi niliila, nakiri.

Julai 2023 NeST ikaingia, mfumo wa zamani wa TANePS ukawekwa pembeni, nikajikuta nashindana na watu wa mikoa mingine ambao hata sura siwajui. Nikapigwa zabuni nne mfululizo. Ya tano nikasema hii haitoki, nikashusha bei mpaka faida haionekani, nikashinda, rimu 600 za A4 gramu 80, yaani uzito wa karatasi kwa kila mita moja ya mraba. Mzigo nikauchukua kwa mtu wa jumla aliyenipa bei poa, na katoni imeandikwa 80 kabisa. Siku ya kupokea, mama mmoja wa kamati ya ukaguzi akafungua katoni, akaweka rimu kwenye mizani: kilo 2 na gramu 190. Akaweka nyingine, hivyo hivyo. Akaniambia kwa upole, "Baba, karatasi 500 za gramu 80 zinatakiwa zikaribie kilo 2 na nusu, hizi ni za gramu 70." Katoni zote 120 zikarudi kwenye gari, nauli juu yangu, vijana wangu wanapakia huku wananiangalia. Inaniuma mpaka leo.

Sasa nisikilizeni. Rimu ya gramu 80 ni ile ile, iwe yangu au yako, mnunuzi hana sababu ya kukupenda wewe, kwa hiyo mnachoshindania ni gharama. Jua gharama yako. Piga hesabu ya nauli, ya ile asilimia 2 ya kodi ya zuio inayokatwa kwenye malipo, ya miezi unayosubiri hela huku mwenye duka anadai kodi ya pango, ndipo uandike bei. Na bei ya chini bila kukidhi vigezo ni kazi bure. Jua gharama yako, narudia. Na usimsindikize mtu, hata akiwa ndugu, anayeibiwa pale ni mtoto wako mwenyewe anayekaa chini darasani.

Wiki iliyopita nimeshinda rimu 400, sikuwa na haja ya kujikamua, na zote zimepokelewa.

Mdogo wangu, leo kabla hujafunga duka weka rimu moja kwenye mizani, nitumie picha ya namba utakayoiona.