Muulize Mwalimu: Furu, sangara na ubishi wa mezani

*Shikamoo Mwalimu. Nauza samaki mwaloni Kirumba, Mwanza, tangu kabla sijaolewa. Mwanangu wa kidato cha nne anadai kwamba samaki hujibadilisha mwili ili aweze kuishi pale alipo, na eti hayo ndiyo mageuko ya viumbe. Nikamwambia, katika sangara wote niliowapasua sijaona hata mmoja aliyekuwa njiani kuwa sato. Nani mkweli?*
— Mama Muuza Samaki, Mwanza

Marahaba, mama. Macho yako hayajakudanganya. Mtoto naye ameshika jambo la kweli, ila amelishika mkiani. Samaki hajibadilishi akawa aina nyingine. Sangara huanguliwa sangara na hufa sangara, na jeni alizoanguliwa nazo ndizo anazowarithisha watoto wake, atake asitake. Kinachobadilika ni hesabu ndani ya kundi zima, kizazi baada ya kizazi: wenye umbile fulani wanaongezeka kwa sababu walizaa zaidi, wengine wanapungua. Kwenye ubao wako wa kupasulia, samaki mmoja mmoja, hutayaona hayo hata ukikaa Kirumba miaka mia.

Halafu sangara mwache, mama. Huyo mgeni, aliletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na hana safari yoyote ya kwenda kuwa sato. Ungeniuliza habari za furu! Najua hamumthamini sana sokoni, mdogo na miiba tele, lakini wanabiolojia wa dunia nzima wanapanda ndege kumfuata huyo.

Ziwa Victoria liliwahi kukauka. Matope yaliyochimbwa chini yake yanaonyesha hivyo, na maji yalianza kurudi yapata miaka 15,000 iliyopita. Tangu hapo zimezuka aina zaidi ya 500 za furu, tukihesabu na zilizokwisha toweka. Yupo anayekwangua mwani kwenye mawe, yupo anayeponda konokono kwa taya za pili zilizo kooni, na yupo jambazi anayemvizia furu jike aliyebeba mayai mdomoni ili amtapishe ayale. Wote hao katika muda ambao kwa mageuko ni kufumba na kufumbua.

Kasi hiyo ilitoka wapi? Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba babu zao walikuwa machotara, damu ya furu wa upande wa Kongo na wa upande wa Nile. Uteuzi asilia, yaani ile hali ya wenye umbile linalofaa kuzaa zaidi, haukulazimika kusubiri makosa mapya ya kunakili jeni yatokee moja moja. Ulikuta tofauti nyingi tayari zimechanganywa, zinangoja kupangwa upya.

Chukua furu wawili wa miambani katika Ghuba ya Mwanza. Mmoja anaitwa *Pundamilia nyererei*, jina alilopewa mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Dume lake ni jekundu mgongoni na hukaa kina kirefu kidogo. Ndugu yake, *Pundamilia pundamilia*, dume lake lina rangi ya bluu na hukaa juu zaidi. Katika maji yale mwanga wa bluu hupotea upesi. Chini hubaki zaidi mwanga wa njano na mwekundu. Sasa, kuna jeni inayotengeneza protini ya jicho, nayo ina sura mbili: moja huona wekundu vizuri kuliko nyingine. Ndiyo iliyoenea kwa hao wa chini. Hakuna furu aliyeomba macho hayo. Waliozaliwa nayo huko chini waliona vizuri zaidi, na majike yao yaliwaona madume wekundu vizuri zaidi.

*Mwalimu, nasikia furu mwekundu na wa bluu wakizalishwa pamoja, watoto wao nao huzaa. Shuleni tulifundishwa kwamba spishi ni wale wasioweza kuzaana. Iweje hawa wawe spishi mbili?*
— Mwanachuo, Musoma

Mlifundishwa nusu, na mtihani ukaridhika nayo. Hawa wanaweza kuzaana, ila kwenye maji maangavu hawafanyi hivyo kwa kawaida, kwa sababu jike huchagua rangi. Mwanabiolojia Ole Seehausen na wenzake waliwaweka kwenye matangi chini ya mwanga wa rangi moja, wekundu na ubluu usitofautike. Majike yakaacha kubagua.

Mwaka 1997 walichapisha jambo linalonikosesha raha hadi leo: ziwani, kadiri maji yanavyochafuka, rangi za furu zinafifia na aina zinapungua. Maji taka na mbolea inayosombwa na mvua vinalisha mwani, maji yanakuwa mazito, na spishi mbili zinayeyuka kuwa moja bila samaki hata mmoja kufa. Hilo halikamatwi na doria, wala wavu wa kokoro hauhusiki.

*Je, furu wanaoonekana tena siku hizi ni wale wale wa zamani?*
— Mvuvi mstaafu, Ukerewe

Si wote, mzee wangu. Sangara walipofurika miaka ya 1980, inakadiriwa aina kama 200 zilitoweka. Baadhi ya waliorudi wamekutwa na matamvua makubwa zaidi, yale mekundu ya kupumulia, na maji ya sasa yana hewa kidogo kuliko zamani. Lakini tusikimbilie kusema jeni zimebadilika: kifaranga wa furu akilelewa kwenye maji yenye hewa haba huota matamvua makubwa papo hapo, kwa jeni zile zile za mama yake. Kupambanua, wachukue furu hao wa leo, walee watoto wao kwenye maji yenye hewa tele, kisha pima: matamvua yakibaki makubwa, jeni zimebadilika; yakirudi madogo, ilikuwa hewa tu.