Sauti yangu mwenyewe inavuma kichwani: niendelee kuziba masikio?

SWALI: Habari, Daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Arua, Uganda, nafundisha Kiswahili na hesabu. Januari nililazwa kwa malaria na nikapungua kilo 9. Tangu nirudi kazini, nikisema neno linavuma ndani ya sikio la kushoto kana kwamba nimeingiza kichwa mtungini, na pumzi yangu naisikia. Siku hizi hata sufuria zikigongana au mvua ikipiga mabati, nashtuka na sikio linauma. Naweka pamba masikioni tangu asubuhi hadi usiku, na darasani nanong'ona. Nikijilaza mchana hupungua, sijui kwa nini. Kliniki moja walinipima kusikia, wakasema masikio ni mazima, labda ni mawazo tu. Nyumbani nako wanasema najidekeza. Je, pamba inanisaidia au inaniharibia? Na niombe kuacha ualimu?

JIBU: Mwalimu, pole sana. Nianze na hilo la "mawazo tu", maana ndilo lililoniuma katika barua yako. Kipimo ulichofanyiwa, cha kuvaa vipokea sauti na kubonyeza kitufe kila usikiapo mlio, kinatafuta sauti ndogo kabisa unayoweza kuisikia. Hakitafuti sauti inaanza kukuumiza ikifika ukubwa gani. Mtu anaweza kusikia mlio hafifu vizuri kabisa na bado akateswa na kijiko kilichoanguka sakafuni. Waliyokuambia kuhusu kusikia yalikuwa kweli, lakini hukwenda pale kwa sababu husikii.

Sasa pamba. Kaa mahali patulivu, uitoe, funga mdomo uvumishe "mmmm" taratibu. Huku ukiendelea, ziba sikio la kulia kwa kidole. Sauti itahamia upande uliozibwa na kuwa nzito zaidi. Hilo hata mimi hunitokea, hata mtoto mwenye masikio mazima. Sauti yetu hutufikia kwa njia mbili: kwa hewa, na kwa mifupa ya fuvu na taya. Ile ya mifupa hutikisa kuta za tundu la sikio. Tundu likiwa wazi, sehemu kubwa ya mtikisiko huo hutoka nje. Likizibwa, hurudi kwenye ngoma ya sikio. Kwa sauti nzito ongezeko linaweza kufika desibeli 20 na zaidi. Jaribu zile irabu unazowafundisha watoto, ukiwa umeziba masikio yote mawili. "A" hupita kwa wepesi, lakini "i" na "u" hunguruma. Kwa hiyo pamba inakupunguzia kelele za wanafunzi kidogo tu, na sauti unayoikimbia inakuongezea.

Madhara ya pili huja polepole. Ubongo ukinyimwa sauti, hujiongezea usikivu wenyewe, kama mtu anayefungua redio zaidi kituo kikififia. Mwaka 2003 Craig Formby na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa watu wenye masikio mazima. Waliovaa vizibo kwa wiki mbili walianza kuziona sauti za kawaida kuwa kubwa mno, na waliovalishwa vifaa vinavyotoa mvumo hafifu wakawa wavumilivu zaidi. Nadhani sufuria na mabati vilianza kukuumiza namna hiyo. Hali hiyo ya kuumizwa na sauti ambazo wengine hawazioni kuwa kubwa tunaiita haipakusisi. Ni ya kweli, na kwa wengi hupungua.

Lakini sidhani kwamba ndiko ugonjwa wako ulikoanzia. Uliandika kama jambo dogo kwamba ukijilaza hupungua. Kwangu mimi hilo ndilo kubwa kuliko yote, likifuatiwa na zile kilo 9.

Kuna mrija mwembamba kutoka sikio la kati hadi nyuma ya pua. Kawaida hukaa umefungwa, ukafunguka kidogo tunapomeza au kupiga miayo. Mtu akikonda ghafla, mafuta yanayouzunguka hupungua na mrija hubaki wazi. Huweza kutokea pia katika ujauzito. Hapo sauti na pumzi hupanda moja kwa moja kutoka kooni hadi sikioni, na herufi za puani kama "m" na "n" ndizo huvuma zaidi. Ukilala, damu hujaa kwenye nyama za hapo na mrija hujifunga. Niliwahi kumchunguza kijana mmoja mwenye hali hii. Nilimwomba azibe tundu moja la pua na avute pumzi kwa nguvu kwa jingine, na kupitia kifaa cha kumulikia sikio nikaona ngoma ya sikio ikiingia na kutoka pamoja na kila pumzi. Alilia, Mwalimu, kwa kuwa hatimaye kulikuwa na mtu aliyekiona anachokisema.

Siwezi kukuthibitishia kwa barua. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Arua, uulizie daktari wa masikio, pua na koo, na umwombe akumulike ukiwa umekaa wima, sauti ikiwa inavuma, huku ukivuta pumzi kwa nguvu. Akikuchunguza umelala, mrija utakuwa umejifunga na ataona sikio zima. Mweleze pia dawa zote ulizopewa ulipolazwa, hasa kama ulitundikiwa kwinini, kwa sababu kwinini huweza kuleta mlio masikioni na kupunguza usikivu kwa muda.

Wakati unasubiri, kula vizuri urudishe uzito taratibu na unywe maji ya kutosha. Darasani ikizidi, inama kichwa kati ya magoti kwa dakika moja. Matone ya maji ya chumvi puani huwasaidia baadhi ya watu: chemsha maji, yapoe, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha mililita 250. Usitumie dawa za kufungua pua iliyoziba, maana hukausha na kukaza nyama za pale na mrija huzidi kuachama. Na kama umezoea kuvuta makamasi ndani kwa nguvu ili sauti ikatike, tafadhali acha. Najua inaleta nafuu, lakini ngoma ya sikio huvutwa ndani, na ikiendelea hivyo kwa muda mrefu sikio huharibika kweli.

Pamba usiitoe yote kwa siku moja. Anza jioni nyumbani. Chukua redio, uiweke kati ya vituo viwili ili itoe ule mvumo wa "shhhh", na uipunguze mpaka iwe chini ya sauti ya mtu anayezungumza nawe. Isikuume hata kidogo. Ikikuuma, ishushe tena. Dakika 20 au 30 mara kadhaa kwa siku, kisha ongeza. Hesabu miezi, si siku. Vizibo uvitumie penye kelele halisi tu, kwenye mashine ya kusaga au karibu na spika za harusi.

Yapo mambo ya kutongojea. Ukisikia mboni za macho zikisogea, au kelele ikikuzungusha kichwa, huenda mfupa mwembamba unaofunika mfereji mmoja wa sikio la ndani umetoboka. Daktari Lloyd Minor, akiwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, alieleza ugonjwa huo mwaka 1998. Kuuona kunahitaji skani ya CT, kwa hiyo huenda ukapewa rufaa ya kwenda Mulago, hospitali ya taifa kule Kampala. Sikio likiacha kusikia ghafla, au uso ukipooza upande mmoja, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu kazi: barua ya kuacha ualimu usiiandike. Muombe mwalimu mkuu muhula mmoja wa nafuu. Kunong'ona kwa kujikaza kunachosha koo. Tumia sauti ya chini ya kawaida, kama unayozungumza na mtu aliyekaa kando yako. Kiongozi wa darasa asome sentensi kwa sauti, wengine waitikie. Kama uwanjani kuna mwembe, toa kipindi cha Kiswahili nje: pale hakuna mabati wala kuta za kurudisha mwangwi, na hutahitaji kupaza sauti sana. Ukishaonwa na daktari, niandikie alichokiona kwenye ngoma ya sikio la kushoto, tuanzie hapo.