Jibu kwa dada aliyeuliza kuhusu kutafuta mtoto wa kuasili kupitia Facebook

Dada yangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema mna miaka kumi na moja ya ndoa, hamjajaliwa, mmekubaliana kuasili, yaani kumchukua mtoto awe wenu kisheria, na shemeji yako anakushauri utangaze Facebook: picha yenu, namba ya simu na maneno "tunatafuta mtoto wa kulea", kama wanavyofanya Marekani. Mimi naishi hapa hapa Tanga, Makorora, na binti yangu tulimpata kwa kuasili. Nakujibu kwa niliyoyapitia.

Hilo la Marekani ni kweli. Kule mama mjamzito anaweza kuchagua mwenyewe watakaomlea mwanawe, ndiyo maana wanandoa wanajinadi mtandaoni. Lakini hata kwao yametokea ya kutisha. Mwaka 2013 shirika la habari la Reuters lilifichua wazazi waliokuwa wakiwapitisha watoto waliowaasili, wengi wao kutoka nchi za nje, kwa watu wasiowafahamu, kupitia makundi ya Yahoo na Facebook. Kwetu unaanzia kwa afisa ustawi wa jamii na unamalizia mahakamani, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Tangazo halina nafasi humo.

Nasema hivi kwa sababu nilitangaza. Usiku mmoja, mume wangu amelala, niliandika kwenye kundi moja. Hadi adhana ya alfajiri nilikuwa nimepata jumbe saba. Mmoja ulitoka kwa mwanamke aliyedai yuko Korogwe, mdogo wake kajifungua na hana uwezo wa kulea. Akanitumia picha ya kichanga kimefungwa khanga. Alitaka laki mbili za kulipia hospitali ili mtoto atoke. Nikatuma. Mchana nikaenda Ngamiani kununua nepi na kigodoro. Jioni napiga, simu haipatikani, na haikupatikana tena. Pesa niliisahau. Kile kigodoro juu ya kabati ndicho kilichokuwa kinaniliza kila nikifagia chumba.

Baadaye afisa ustawi alinieleza jambo ambalo nataka ulishike. Hata kama yule mtoto angekuwepo kweli, kutoa pesa ili upewe mtoto ni kosa. Ningeweza kushtakiwa, na mtoto akaondolewa mikononi mwangu nikiwa nimeshamzoea. Kwa hiyo ukitajiwa pesa, iwe nauli, iwe maziwa, usijibu. Hifadhi ujumbe upeleke ustawi au polisi, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure.

Sasa mitandao ilinisaidia wapi? Kwa watu. Ofisi niliyoanza nayo iliniambia "rudi wiki ijayo" mara nne, na ningekata tamaa kama si kundi la WhatsApp la kina mama walioasili, ishirini na kitu hivi, kutoka mikoa mbalimbali. Wao ndio walioniambia niandae barua ya serikali ya mtaa, cheti cha ndoa, vipimo vya afya, uthibitisho wa kipato na wadhamini kabla sijaulizwa. Walinitoa hofu ya afisa kuja nyumbani. Mimi nilikuwa nawaza kupaka rangi sebule! Afisa alikaa kwenye mkeka, akauliza mtoto atalala wapi, nani atabaki naye nikienda sokoni, na mama mkwe anasemaje.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa mzito. Aliogopa nasaba: mtoto ataitwa kwa jina la nani? Dada mmoja wa kundini, Mwislamu kama sisi, alinitumia voisi ndefu akieleza walivyokwenda kwa sheikh wao na kusomewa aya ya tano ya Suratul Ahzab, kwamba mtoto aitwe kwa baba yake, na asiyejulikana baba yake ni ndugu katika dini. Nikampa mama simu asikilize mwenyewe. Aliisikiliza mara tatu, kisha akasema, "Basi aje, tutamlea bila kumfuta kwao." Hilo peke yake lilinilipia bando zote za mwaka ule.

Masharti mengine kwa ufupi: muombaji awe na miaka isiyopungua 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Kwanza unakaa na mtoto katika malezi ya kambo, yaani unamlea kabla hajawa wako kisheria, angalau miezi mitatu mfululizo, ustawi wakiwafuatilia, ndipo ombi linakwenda Mahakama Kuu. Binti yetu alikuja na mwaka mmoja na nusu, kigodoro kikashushwa kabatini.

La mwisho ni picha, na hapa nakuomba kwa dhati. Wiki ya pili nilimweka stetasi, nimejaa furaha. Ndani ya saa moja mtu ninayemfahamu kidogo akaniandikia: "Huyu si yule aliyeokotwa?" na akataja mahali. Nilifuta, lakini alikwishapiga skrinshoti, na kwa muda mrefu nikiwa dukani nilikuwa naona watu wanamtazama mwanangu. Habari ya alikotoka ni yake yeye, na mtu wa kwanza kumsimulia alipaswa kuwa mimi. Tangu siku hiyo sura yake haijaonekana kwenye simu yoyote nje ya familia. Hata kwenye kundi letu tunasema "mtoto wa mama fulani", bila jina, bila kituo alikotoka.

Kwa hiyo tangazo liache. Jumatatu nenda na mumeo ofisi ya ustawi ya halmashauri yenu, nendeni wote wawili, wanapenda kuwaona pamoja. Ukiambiwa rudi wiki ijayo, rudi, na uandike tarehe na jina la aliyekuhudumia. Ukitaka kuingia kundini niandikie pembeni. Admini atakupigia kwanza mzungumze, hamwingizi mtu mle bila kusikia sauti yake.